Maombezi: kumsimamia mwingine mbele za Mungu

Mtu akisema "naomba", huenda anajiombea mwenyewe. Akisema "namwombea", ile -e- ndogo iliyoingia katikati ya kitenzi imeshamleta mtu mwingine. Hapo ndipo yanapotoka maombezi. Maombi ni neno pana, hata haja zangu zimo. Maombezi yana watu watatu daima: Mungu, mimi, na yule ninayemtaja. Ndiyo maana Paulo, alipomwandikia Timotheo, aliyataja pamoja na dua, sala na shukrani bila kuyachanganya.

Picha yake ya kale imo katika Ezekieli 22. Ukuta wa mji una ufa, na Mungu anatafuta mtu wa kusimama palipobomoka ili nchi isiangamizwe. Hampati. Musa aliwahi kusimama hapo, baada ya Waisraeli kuabudu ndama wa dhahabu. Aliomba wasamehewe, na kama sivyo, jina lake lifutwe katika kitabu cha Mungu.

Angalia asivyosema. Hasemi kwamba watu hawakukosa. Anakiri kuwa wametenda dhambi kubwa. Hapa mwombezi anaachana na wakili: wakili hutafuta kasoro kwenye ushahidi, mwombezi hukubali ushahidi wote kisha akakimbilia huruma ya hakimu. Danieli naye aliungama "tumetenda dhambi", akijihesabu ndani, akasema wazi kwamba hawaombi kwa sababu ya haki yao, wanaomba kwa sababu ya rehema nyingi za Mungu.

Rehema yenyewe ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwa Kiarabu lina mzizi mmoja na neno la tumbo la uzazi. Kiebrania nacho kina undugu huohuo. Mtoto hakustahili kubebwa, alibebwa tu. Ukilishika hilo, swali la "mimi ni nani hata nimwombee mtu?" linapungua makali. Si wema wako unaosikilizwa, wala si wema wa unayemwombea.

Kwa hiyo kuna namna za maombezi ambazo, kwa maoni yangu, zimepotea njia. Moja ni kumwamuru Mungu kana kwamba amechelewa kazini. Nyingine inatukwaza zaidi kwa sababu ina sura ya utakatifu: "tumwombee dada yetu", kisha zinafuata dakika kumi za kumwanika dada huyo. Huko ni kusengenya kulikofumbiwa macho. Jina na haja vinatosha. Na maneno yakikwisha kabisa, Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Je, usipopewa ulichoomba? Ibrahimu aliiombea Sodoma akishuka hatua kwa hatua: wenye haki hamsini, arobaini na watano, arobaini, thelathini, ishirini, hadi kumi. Akanyamaza hapo. Kumi hawakupatikana, na asubuhi aliona moshi ukipaa kama wa tanuru. Katika mazungumzo yale yote hakulitaja hata mara moja jina la Lutu, mwana wa nduguye. Lakini Mwanzo 19 inasema Mungu alimkumbuka Ibrahimu, akamtoa Lutu katika maangamizi.