Tunaogopa Nyoka, Tunauamini Mto: Dhana Potofu Kuhusu Hifadhi za Kando ya Mto

Watu wa mjini hofu zetu zimekaa vibaya. Tukifika kwenye hifadhi kubwa ya kando ya mto, ile ya pembezoni mwa jiji ambayo mtu huenda na familia siku ya mapumziko, tunakagua nyasi tukitafuta nyoka, tunapiga mayowe tukimwona popo, kisha tunamwacha mtoto wa miaka mitatu achezee maji huku sisi tunapiga picha. Kinachotakiwa kuogopwa tumekigeuzia mgongo.

"Maji yametulia, kwa hiyo hayana kina"

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo dhana mbaya kuliko zote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mto unawaunga mkono. Mto hupiga kelele pale maji yanapogonga mawe kwenye kina kifupi. Ukiona maji mapana yanapita kimya, mara nyingi hapo pana shimo. Ule uso laini hausemi lolote kuhusu mkondo unaopita chini yake. Na mkondo hauhitaji kina ili uwe na nguvu: maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 30 yanaweza kulisukuma gari dogo.

Jicho nalo linakudanganya. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, kwa hiyo chini ya mto huonekana karibu kuliko ilivyo. Maji safi yenye kina cha mita 2, ukiyatazama kutoka juu moja kwa moja, huonekana kama yana mita 1.5. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, hayo ni maji anayodhani yataishia mabegani, kumbe yatamfunika.

Halafu kuna kona za mto. Upande wa nje wa kona mkondo huenda kasi na kuula ukingo kwa chini, huku nyasi za juu zikiwa bado zimesimama kana kwamba hakuna kilichotokea. Upande wa ndani maji hupunguza mwendo na kuacha mchanga. Bahati mbaya, mandhari nzuri huwa upande wa nje, kule juu ya ukingo uliochongoka. Niliwahi kusimama hapo nikimvizia mdiria kwa kamera. Kipande cha udongo chenye ukubwa wa meza kikamegeka hatua mbili kutoka nilipokuwa, kimya kabisa hadi kilipofika majini. Picha sikuipata. Siku hizi natandika mkeka upande wa mchanga, na hata huo mchanga huwa naukagua kwanza kwa fimbo.

"Mtu akizama tutamsikia"

Hutamsikia. Anayezama mdomo wake unaingia na kutoka majini, na akipata nafasi anavuta pumzi, hana pumzi ya kupigia kelele. Mikono hapungi, anaikandamiza majini akijaribu kujiinua. Mtoto anaweza kupotelea chini kabla dakika moja haijaisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Watoto wanaocheza majini huwa na makelele. Wakinyamaza ghafla, weka simu chini utazame.

Na ukimwona mtu anazama, usijitupe. Lala kifudifudi ukingoni umnyooshee fimbo ndefu au kanga, au umrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko. Waokoaji wasio na mafunzo mara nyingi huongeza idadi ya maiti.

"Mbona huku hakuna wingu hata moja?"

Mto hauangalii anga ulilokaa chini yake wewe. Mvua iliyonyesha milimani, mbali kabisa na hapo, inaweza kukufikia baada ya saa kadhaa ukiwa umevua viatu juani. Maji yakianza kubadilika rangi kuwa ya udongo, au vijiti na majani vikaanza kupita kwa wingi, kusanya watoto mpande juu. Vyombo mtavirudia.

"Maji yanayotembea hujisafisha"

Imani hii ina ukale wake, na kuna chembe ya ukweli ndani yake: maji yanayotembea hupata hewa, na mto ukiachwa huweza kupunguza uchafu kadiri unavyosafiri. Lakini mto wa pembezoni mwa jiji haujaachwa. Unapokea mifereji, vyoo vinavyovuja, mashamba na karakana, na hali huwa mbaya zaidi mara tu baada ya mvua, uchafu wote wa barabarani unapooshwa kuelekea bondeni. Bakteria hawaonekani kwa macho, kwa hiyo maji kung'aa si cheti.

Kwenye nchi za joto kuna jingine ambalo wengi hulikosea: kichocho. Watu hudhani kinapatikana kwa kunywa maji machafu, kwa hiyo wanabeba maji ya chupa, wanajisifu, kisha wanatumbukiza miguu mtoni. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi. Konokono hao hupenda maji ya taratibu yenye mimea kandokando, yaani palepale panapoonekana salama kwa watoto. Bahati nzuri dawa yake, prazikwanteli, ipo. Ukianza kukojoa damu wiki au miezi baada ya matembezi, mweleze daktari kwamba uliingia mtoni.

"Majani marefu yote haya! Hawa wanalipwa kwa kazi gani?"

Malalamiko haya utayasikia kwenye kila benchi. Yale majani na matete ya ukingoni ndiyo yanayoshika udongo na kuchuja tope na mbolea kabla havijaingia majini. Ukifyeka hadi mwisho wa maji upate kabustani ka kupendeza, misimu michache baadaye ukingo wenyewe unaanza kuondoka. Mti uliokauka nao haujasahaulika. Ndani yake wanaishi mbawakawa na kuvu, vigogota wanatoboa mashimo yao, na wakihama ndege wengine wanarithi nyumba. Vivyo hivyo na uwanja unaogeuka dimbwi kila masika: aghalabu ardhi ile ilibaki hifadhi kwa sababu ni mahali ambapo mto hupumzikia ukifurika. Maji yanayotanda pale yangekuwa yamegonga milango ya watu chini ya mto.

"Nyoka anakusubiri wewe"

Nyoka husikia mtikisiko wa hatua zako na wengi huondoka kabla hujawaona. Wanaoumwa mara nyingi wamewakanyaga au wamejaribu kuwashika. Kaa kwenye njia, mambo yaishie hapo. Mtu akiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Mvue pete na bangili kabla hajavimba, asitembeetembee, afikishwe hospitali.

Popo hana shida na nywele zako. Wapo wanaokula wadudu, na wapo wanaokula matunda wakichavusha maua na kusambaza mbegu. Ila usimwokote aliyeanguka kwa mikono mitupu. Popo anaweza kubeba kichaa cha mbwa.

"Mkate kwa bata, ganda kwa udongo, hakuna kilichoharibika"

Hapa wakosaji ni watu wenye roho nzuri, ndiyo maana wanakasirika ukiwaambia. Mkate unamshibisha bata bila kumjenga. Unaobaki unaoza majini na kulisha mwani, na ndege waliozoea kutupiwa wanasongamana mahali pamoja, ambako kinyesi na magonjwa navyo vinasongamana. Ganda la ndizi au chungwa litaoza, sawa, ila hukaa wiki nyingi, na kabla ya hapo limeshawaita panya na nyani waje wajifunze kwamba binadamu maana yake chakula. Nyani aliyehitimu somo hilo hamsubiri tena mtu atupe.

Kikombe cha plastiki nacho kina kisa chake. Watu hulaumu mto kwa mbu, ilhali mbu hawatagi kwenye mkondo unaokimbia. Wanataka maji yaliyosimama, na kwenye bwawa la asili samaki na watoto wa kereng'ende huwala viluwiluwi wao. Kikombe ulichotupa kichakani kikanyeshewa hakina samaki. Penye joto, siku kama kumi zinatosha yai kuwa mbu.

"Hifadhi ya mjini haina cha kuona"

Anayesema hivi amefika saa saba mchana na spika begani. Saa hiyo wanyama wengi wamejificha kwenye kivuli. Njoo saa kumi na mbili alfajiri, hifadhi inapofunguliwa, ukae mahali pamoja dakika ishirini bila kuongea. Yangeyange atasimama kwenye kina kifupi kama amesahauliwa, kenge atatoka kuota jua, na lile gogo ulilolikalia jana linaweza kuwa na fisi-maji juu yake, akila samaki kuanzia kichwani.