Kenny Rogers hakuwa yule mcheza kamari

Nasema kwa mara ya mwisho, ingawa najua haitakuwa ya mwisho: wimbo "The Gambler" (yaani "Mcheza Kamari") haukutoka kwenye filamu. Filamu ndiyo iliyotoka kwenye wimbo. Na ndani ya wimbo huo, Kenny Rogers, mwimbaji wa kantri aliyeuvumisha, si mcheza kamari. Napiga gitaa kwenye bendi ya kantri hapa Nairobi, na hatumalizi usiku kabla hajaja mtu na chupa mkononi: "Mzee, tupigie ile ya filamu, ile Kenny anacheza karata." Nampigia, maana amelipa kiingilio. Moyoni nachemka.

Tarehe hazina utata. Don Schlitz aliutunga mwaka 1976, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akifanya kazi ya usiku kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville. Bobby Bare akaurekodi, Johnny Cash naye akaurekodi, na mwishoni mwa 1978 likatoka toleo la Kenny, chini ya prodyuza Larry Butler. Hilo ndilo lililovuma. Filamu ya televisheni ilirushwa na CBS, kituo cha televisheni cha Marekani, Aprili 1980. Anayebisha akabishane na kalenda.

Linaloniudhi zaidi ni hilo la pili. Hebu usikilize wimbo kama hadithi, acha kusubiri kiitikio tu ili uinue glasi. Ni usiku, ndani ya garimoshi lisilojulikana linakoelekea. Msimuliaji amekaa na mtu asiyemjua, wote wamechoka hata usingizi hauji. Mcheza kamari ni yule mgeni. Anamsoma mwenzake usoni, anamwambia waziwazi kwamba anaona karata nzuri zimemwishia, na kwamba kwa funda la wiski atampa ushauri. Kenny anaimba nafasi ya huyo aliyeishiwa, mwenye chupa. Karibu na hapo, kabla ya kiitikio, wimbo unapanda nusu toni, na bendi nyingi za kwetu huruka hatua hiyo kwa uvivu wa kusogeza kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa kinachopandisha sauti.

Sasa mtazame huyo gwiji wa karata. Anamaliza wiski ya mwenzake. Halafu anaomba sigara. Halafu anaomba na moto wa kuiwashia! Bingwa gani wa meza anasafiri hana hata njiti ya kiberiti? Yale mashauri maarufu, ya kujua wakati wa kushika karata na wakati wa kuzitupa, wakati wa kuondoka polepole na wakati wa kutimua mbio, yanatoka kwa mtu ambaye mifuko yake haina kitu. Ndiyo maana huwa nacheka nikiwasikia vijana wa mkeka, wale wa kubashiri mechi, wakiuimba kama wimbo wa ushindi. Huyo mnayemshangilia ameuza hekima yake yote kwa kinywaji na moshi, kisha akageukia dirisha, akazima sigara, akalala.

Akalala, au akafa? Mimi huwatangazia watu jukwaani kwamba alikufa, na wengi wetu tunauimba hivyo, kwa sababu wimbo unataja maneno yake ya mwisho. Lakini nikiwa peke yangu na gitaa, sina uhakika huo. Huenda ni maneno ya mwisho ya mazungumzo tu, mzee akaamka asubuhi na kushuka kituo chake.

Vyovyote vile, televisheni ilimfufua. Nadhani tatizo la waliotengeneza filamu lilikuwa wazi: nyota ni Kenny, wimbo unaitwa kwa cheo cha mtu mwingine, na hakuna atakayewasha televisheni amtazame Kenny akiwa abiria aliyefilisika. Basi wakabadilishana viti. Kenny akawa Brady Hawkes, mcheza kamari mwenyewe, anayesafiri baada ya kupata barua kutoka kwa mtoto wa kiume ambaye hakuwahi kumjua. Kiti cha abiria kikapewa mwigizaji Bruce Boxleitner, akaitwa Billy Montana, ndiye anayefundwa namna ya kucheza. Zile ndevu zenye mvi zilifanya nusu ya kazi. Kenny alikuwa na miaka 41 tu, ukimtazama unampa sitini. Watu walipoona hivyo, wakarudi kwenye wimbo na masikio mapya. Tangu hapo hakuna anayemsikia abiria.

Na ilipouza, haikuachwa. Brady Hawkes alirudi 1983, 1987, 1991 akiwa na mwimbaji mwenzake Reba McEntire, na tena 1994. Mtu aliyezima sigara na kugeukia dirisha ameongezewa miaka kumi na minne.

Msiseme Kenny hakujua tofauti. Mwaka 1981, kwa CBS hao hao na mwongozaji yule yule, Dick Lowry, alicheza "Coward of the County", filamu iliyotokana na wimbo wake mwingine. Wimbo huo unasimuliwa na mjomba wa kijana anayeitwa mwoga, na kwenye filamu Kenny alicheza mjomba huyo huyo, mhubiri. Alikaa pale pale sauti ilipokaa. Na huko nyuma, 1969, aliimba kwa nafsi ya askari aliyerudi vitani miguu imepooza, wimbo uliotungwa na Mel Tillis kuhusu mwanamke aitwaye Ruby, na hakuna aliyemletea kiti cha magurudumu. Kazi yake ilikuwa kuvaa sauti za watu. Ni huyu mmoja tu ndiye amemganda.

Je, alikuwa mwigizaji hodari? Hapa nasitasita. Kwenye filamu zile za kimagharibi, za wachunga ng'ombe na farasi, anatembea kidogo, anatazama sana, anaacha wengine wahangaike. Huenda ni ustadi, huenda ni uoga wa kamera. Nimebadilisha mawazo zaidi ya mara moja. Namwona amelegea vizuri zaidi kwenye "Six Pack" ya 1982, filamu ya sinema, akiwa dereva wa mbio za magari anayeibiwa vipuri na watoto sita yatima kisha anakwama nao. Hakuna karata, hakuna farasi, na watoto wale hawampi nafasi ya kujifanya mwenye hekima. Mwigizaji Diane Lane yumo, bado binti mdogo.

Mwaka 2014 alitokea kwenye tangazo la kampuni ya bima akiwa meza ya karata, anaimba kile kiitikio bila ala huku wenzake wakimkodolea macho ya kuchoshwa. Nililipenda tangazo lile. Wale wachezaji wengine pale mezani ndio mimi kila Ijumaa.