Shahada ya masafa si shahada ya mkato

Kwa miaka mingi tumesikia kwamba anayesoma kwa masafa "amenunua cheti", na kwamba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni cha waliokosa nafasi kwingine. Si kweli, na maneno hayo yanawaumiza watu wanaojituma. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na msimamizi wake ni Tume ya Vyuo Vikuu, ileile inayosimamia vyuo vya bweni. Masomo humfuata mtu nyumbani, mtihani haumfuati. Huufanyia kituoni, kitambulisho mezani, msimamizi akipita kati ya madawati.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Jirani yangu, muuguzi, alikuwa akitoka zamu ya usiku anabandika chai, kisha anafungua kitabu kabla usingizi haujamzidi nguvu. Hakuna kengele, hakuna mwalimu wa kumuuliza papo hapo. Wanaoishia njiani mara nyingi huchoshwa na upweke huo, wala si uhaba wa akili.

Nelson Mandela naye alimaliza shahada yake ya sheria kwa njia hii mwaka 1989, kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado mfungwa.