Sikio la Mbwa Linaponuka: Kwa Nini Ninaanza na Hadubini

Hivi karibuni nililetewa mbwa wa aina ya German Shepherd ambaye masikio yake yalikuwa yametibiwa mara tatu kwa matone ya antibaotiki, na kila mara alipata nafuu ya siku chache kisha akarudia kutikisa kichwa na kujikuna hadi manyoya ya nyuma ya sikio yakanyonyoka. Masikio yote mawili yalikuwa na uchafu wa kahawia unaonata kama nta, ngozi ilikuwa nyekundu na imevimba, na harufu nzito ya kitu kilichochacha ilinifikia kabla sijamgusa. Nilihisi ni fangasi, lakini sikuandika dawa, kwa sababu bakteria wanaweza kuleta dalili zinazofanana na hizo, na si ajabu kuwakuta wote katika sikio moja.

Nilizungusha pamba ya kijiti ndani ya kila sikio, nikaipaka juu ya kioo, nikakipitisha kioo kwenye moto mdogo, nikakitia rangi na kukitazama kwa hadubini. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi, na kwa maoni yangu hakuna kipimo kingine cha gharama ndogo kinachomfaa mbwa mwenye masikio mabovu kuliko hicho. Fangasi huyu, Malassezia pachydermatis, hatambuliki kwa shida: ana umbo la karanga iliyo ndani ya ganda lake, pana upande mmoja na iliyobanwa katikati, kwa kuwa huzaana kwa kuchipua. Mbwa huyu alikuwa nao tele, na bakteria sikumwona hata mmoja. Chupa aliyonionyesha mwenye mbwa ilikuwa na steroidi pamoja na antibaotiki. Steroidi ndiyo iliyotuliza muwasho kwa muda, huku fangasi akiachwa salama.

Kisha nilichungulia ndani kwa otoskopu, kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka kwanza kisha hupinda kuelekea ndani, na ndiyo maana vijiti vya pamba nyumbani husukuma uchafu mbele badala ya kuutoa. Ni lazima kuhakikisha kwamba ngoma ya sikio haijatoboka, kwa maana baadhi ya dawa na visafishio vikipenya hadi sikio la kati vinaweza kumsababishia mnyama uziwi au kumwondolea uwezo wa kusimama sawasawa.

Matibabu yenyewe huanza kwa kusafisha, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya nta. Kisafishio cha masikio ya mbwa hujazwa ndani, shina la sikio hukandwa taratibu, mbwa huachwa ajitikise, na sikio likishakauka hutiwa matone yenye dawa ya kuua fangasi, klotrimazoli au mikonazoli, kwa kawaida pamoja na steroidi ya kupunguza uvimbe. Haidrojeni peroksaidi, spiriti na siki zisitiwe kabisa katika sikio lililochubuka. Maumivu yake ni makali, na mbwa aliyeumizwa hivyo hatakubali tena kushikwa kichwa. Vidonge vya ketokonazoli au itrakonazoli ninavihifadhi kwa hali ngumu, kwani vinaweza kudhuru ini.

Jambo ninalotamani kila mwenye mbwa alielewe ni kwamba fangasi huyu hakutoka nje. Huishi kwa idadi ndogo katika masikio ya mbwa wazima, na huongezeka pale kitu kingine kinapovuruga ngozi: mzio wa chakula au wa vumbi, upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, au unyevu unaobaki sikioni baada ya mbwa kuogelea, hasa wale wenye masikio yaliyolala.

Mbwa huyu alikuwa pia akilamba nyayo zake hadi manyoya yakageuka rangi ya kutu, dalili inayonifanya nishuku mzio. Baada ya wiki mbili za dawa nilimpima tena kwa hadubini na fangasi hawakuonekana. Sasa, ili kujua kama mzio wake ni wa chakula, yumo katika wiki nane za kula aina moja tu ya nyama ambayo hajawahi kuionja, bila makombo ya mezani.