Presha ya macho kwa watoto: yanayosemwa kuhusu kimrija, na ukweli wake

"Mtoto ana macho makubwa, mazuri!" Sifa hiyo utaisikia kliniki za watoto hapa Mwanza. Sitaki kuwatisha wazazi, ila jicho la mtoto mchanga bado ni laini, na presha ikipanda ndani yake linatanuka. Macho makubwa yanayotiririka machozi, yanayokimbia mwanga, au yenye ukungu kwenye kioo cha mbele yapelekwe kwa daktari wa macho haraka. Huo si uchawi, na dawa ya kienyeji isidondoshwe humo.

Dhana: matone ya dawa yatamponya. Kwa mtoto aliyezaliwa na tatizo hili tiba kuu ni upasuaji. Kwa kawaida daktari huanza kwa kufungua njia ya asili ya maji ya jicho. Kimrija, yaani kifaa kidogo cha kupitishia maji ya jicho ili presha ishuke, huwekwa mara nyingi pale hilo liliposhindikana.

Dhana: kimrija kinamwaga maji nje, kwa hiyo mtoto atalia machozi maisha yote. Hapana. Kisahani kidogo hushonwa juu ya weupe wa jicho, chini ya utando, mahali kope la juu linapopafunika. Mrija wenye tundu la milimita 0.3 hivi huingia mbele ya jicho, na maji hupita humo hadi kwenye kisahani, yakafyonzwa na mwili. Baadhi ya aina zina vali, yaani kilango kinachozuia maji kutoka kwa kasi mno. Zisizo na vali hufungwa kwa uzi unaoyeyuka baada ya wiki kadhaa ili presha isiporomoke ghafla, kwa hiyo usikate tamaa presha ikiwa bado juu siku za mwanzo.

Wengine hutegemea kuona kurudi kama mwanzo. Mshipa wa fahamu wa jicho, unaopeleka picha kwenye ubongo, ukiharibika haurudi. Kinachookolewa ni uoni uliobaki, na mtoto anaweza kuhitaji miwani au kuzibwa jicho lenye nguvu ili dhaifu lifanye kazi.

Inayoniuma zaidi ni hii: "Ameshapasuliwa, yameisha." Najua kutoka kisiwani Ukerewe hadi hospitali ya Bugando hapa Mwanza ni nauli ya meli na siku nzima bila biashara. Lakini kovu huweza kuziba kisahani, mrija ukasogea ukagusa kioo, au ukatokeza nje na kuingiza vijidudu. Matone nayo mara nyingi huendelea. Mtoto mdogo hatulii, ndiyo maana hupimwa kwa nusu kaputi. Huko si kupasuliwa tena. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likitoa usaha, nenda siku hiyo hiyo.

Na kuoga ziwani? Mpaka daktari aruhusu.