Mpigaji ameanza na moto: makadirio ya msimu mzima ni nini?

Mshambuliaji akifunga mabao 5 katika mechi 5 za mwanzo, vijiwe vya Kariakoo vinamhesabia 30, kwa kuwa Ligi Kuu ina mechi 30. Lakini Stephane Aziz Ki alikuwa mfungaji bora wa msimu wa 2023/24 kwa mabao 21, na ule ulikuwa msimu mkubwa kweli.

Marekani hesabu hiyo huwarudia kila Aprili kwenye besiboli, mchezo ambao hapa Dar una uwanja wake pale Sekondari ya Azania. Msimu wao una mechi 162 kwa kila timu. Mwaka 2006 Chris Shelton wa Detroit Tigers alivusha mpira nje ya uzio mara 9 katika mechi 13 za kwanza. Zidisha, utapata 112, wakati rekodi ya msimu mmoja ni 73 ya Barry Bonds, mwaka 2001. Shelton alimaliza na 16.

Makadirio ya msimu mzima ni namna ya kukisia mpigaji atamaliza wapi bila kuuchukua mwanzo kama ulivyo. Mwanzo wowote una uwezo wa mtu ndani yake, na una bahati: watupaji aliokutana nao, upepo, mpira uliopita sentimita chache kutoka kwenye glovu ya mlinzi. Siku zikiwa chache, bahati ina sauti kubwa. Kwa hiyo mkadiriaji huivuta takwimu ya mwanzo kuelekea wastani unaojulikana.

Tufanye hesabu ya mfano. Mpigaji amesimama kupiga mara 50, amefanikiwa mara 20, yaani amepiga mpira na kufika kituo cha kwanza salama: wastani wa 0.400. Miaka iliyopita alikuwa akipiga 0.280. Tuupe uzoefu huo uzito wa mara 450, yaani mafanikio 126. Jumlisha 20, gawa kwa 500: 0.292. Huo ndio tunaoutarajia kuanzia kesho. Akisimama mara 500 zaidi atapata 146, na pamoja na 20 za mwanzo anamaliza na 166 kwa 550, karibu 0.302.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Zile 20 ni zake, hakuna anayemnyang'anya. Kushuka kuelekea wastani hakumaanishi kwamba sasa atapiga vibaya ili "kulipa" bahati aliyopata. Kunamaanisha atarudi kuwa yeye.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1970. Wanatakwimu Bradley Efron na Carl Morris walichukua wapigaji 18, kila mmoja akiwa amesimama mara 45, wakamvuta kila mmoja kuelekea wastani wa kundi, 0.265. Kwa 16 kati yao, makadirio hayo yalikaribia ukweli kuliko takwimu zao za mwanzo. Thurman Munson alikuwa na 0.178 tu, msimu uliobaki akapiga 0.316. Frank Robinson alikuwa na 0.378, akashuka hadi 0.298.

Roberto Clemente ndiye aliyekataa kuvutwa mbali. Alianza na 0.400, njia ile ikamkadiria takriban 0.290, yeye akapiga 0.346. Hakuna ajabu: kabla ya mwaka huo alikwisha ongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mara nne. Mtu wa namna hiyo huvutwa kuelekea historia yake mwenyewe, si kuelekea wastani wa kila mtu. Kwa kijana asiye na historia, wastani wa ligi unatosha kwa kuanzia.

Uzito wa kuvuta nao haufanani kwa kila takwimu. Kiwango cha mpigaji kutolewa kwa kukosa mpira mara tatu hutulia mapema, hata ndani ya wiki chache, kwa sababu hakimhusishi mlinzi yeyote uwanjani. Wastani wa kupiga huchelewa sana. Msimu mzima unaweza kwisha bado haujatulia.