Mtoto anajichafua nguo, unasema anaharisha? Ngoja kwanza

Kuna mama alikuja kliniki hapa Dodoma na kijana wake wa miaka 7 (vitu vingine nimevibadilisha asijulikane), kwenye mfuko kabeba chupi 3 chafu ili tuamini, maana kwingine alipewa dawa ya kuharisha, kwingine dawa ya minyoo, nyumbani bibi anasema ni mchango, baba anasema ni uvivu na fimbo zimeshatembea. Mtoto mwenyewe hakukaa kwenye kiti, kasimama mlangoni kapishanisha miguu, kabana makalio, yuko juu ya vidole. Mama akasema unaona dokta, hapo anasukuma hakitoki. Nikamwambia mama, hapo hasukumi, anakizuia.

Nikamlaza, nikabonyeza tumbo chini upande wa kushoto, kuna kitu kigumu kama muhogo. Choo kimemfunga muda mrefu.

Inakuwaje sasa? Siku moja choo kinatoka kigumu kinamuuma, kesho akisikia haja anakumbuka yale maumivu anabana, kikikaa utumbo unazidi kunyonya maji, kinakuwa kigumu na kikubwa zaidi, kikija kutoka kinauma kuliko jana, basi anabana zaidi. Miezi ikipita utumbo wa mwisho unatanuka kama puto na unaacha kumpa taarifa kwamba umejaa. Kile choo laini cha nyuma yake kinapenya pembeni, kama korongo zetu wakati wa mvua, jiwe limekaa katikati maji yanapita kando. Mtoto hasikii kitu, anashtukia nguo imelowa, halafu anachapwa. Na ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha ndo umemalizia kabisa.

Hii kitu ipo sana. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa zinaonyesha karibu mtoto 1 kati ya 10 anafunga choo bila kuwa na ugonjwa mwingine nyuma yake. Kumtambua tunatumia vigezo vya kimataifa vinaitwa vya Roma, vya mwaka 2016, yaani choo mara 2 au pungufu kwa wiki, kujibana, choo kigumu cha kuuma, choo kikubwa mno, kujichafua wakati alishajua kwenda chooni, au dokta kukuta mzigo umejaa kule ndani. Yakitimia mawili kwa mwezi mzima inatosha, mara nyingi hata eksirei haihitajiki.

Kwa wale wa sekondari mara nyingi kilio ni tumbo linauma tu. Mwaka 1958 kule Bristol Uingereza, daktari wa watoto Apley na mwenzake waliangalia watoto wa shule 1,000 wakakuta kama 1 kati ya 10 ana maumivu ya tumbo yanayorudirudi, na wengi wa watoto wa aina hiyo ukiwapima hukuti ugonjwa. Siyo kwamba wanadanganya, mishipa ya fahamu ya tumbo na ubongo inaongea sana na mtoto kweli anaumia. Huku kwetu huyo ataambiwa ana taifodi na yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) kila mwezi, na antibayotiki juu, mimi hili huwa linanichosha.

Turudi kwa kijana wetu. Kwanza mzigo unatolewa kwa dawa za kulainisha, laktulosi au ule unga wa poliethilini glaikoli, halafu dawa inaendelea angalau miezi 2. Wazazi wanaacha wiki ya pili wakiogopa utumbo utazoea, hauzoei jamani, tatizo linarudi kwa sababu mmeacha mapema. Akishakula akae chooni dakika 5 hadi 10, chakula kikiingia tumboni utumbo mkubwa unaamka. Choo cha shimo mdogo anakiogopa, mtafutie poti. Mlenda na ugali wa uwele vizuri sana ale, ila kwa mtoto aliyeshaziba mlenda peke yake hautatoboa, na kumjaza maji madumu mawili pia hapana.

Ila mtoto anayetapika kijani, tumbo limevimba, choo kina damu au anapungua kilo, huyo ni hospitali leo leo. Na kama alipozaliwa kile choo cheusi cha kwanza kilichelewa zaidi ya saa 48, mwambie dokta, kuna watoto wanazaliwa sehemu ya utumbo haina mishipa ya fahamu, daktari Hirschsprung wa Denmark alieleza ugonjwa huo mwaka 1886.

Nilimuuliza yule kijana, shule unaenda chooni? "Siendi." Kwa nini? "Hakina komeo, wakubwa wanasukuma mlango." Mama akaniangalia, hakuwa anajua. Ukihesabu, tatizo lilianza muhula alioanza darasa la kwanza.

Tulimpa chati ya Bristol, ya aina za choo (Bristol tena, sijui wana nini na matumbo), namba 1 ni kama mavi ya mbuzi, 7 ni maji matupu, tunataka 3 au 4. Alirudi mwezi wa tatu wa matibabu na daftari kaandika kila siku, 4, 4, 3, 4, na 1 moja ya wiki ya mitihani. Baba yake naye alikuja safari hiyo, alishaenda shuleni na komeo na misumari, akaligongelea mwenyewe.